Bunduki Inayofuata: Kwa Nini Tunaielekea Mauser ya 1871

Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli kuanza, mimi na mdogo wangu huamua ni bunduki gani kuukuu ya kijeshi itakayoongezwa kwenye mkusanyiko wetu, na mwaka huu tunaielekea Mauser ya 1871, bunduki ya jeshi la Kijerumani. Mimi niko hapa Kirumba, Mwanza, na yeye yuko Minnesota, Marekani, alikohamia kwa kazi miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo shauri lote hufanyika kwa simu, usiku kwetu na mchana kwao. Nasema mkusanyiko wetu kwa sababu fedha tunachanga wote wawili na hakuna anayenunua bila ridhaa ya mwenzake, ingawa bunduki zenyewe hukaa kwake tu, ndani ya kabati la chuma, na hazitakuja huku. Yeye ana leseni ya mkusanyaji inayotolewa na serikali kuu ya Marekani, ambayo humruhusu kununua silaha za kihistoria, kwa kawaida zile zilizotimiza umri wa miaka 50 zikiwa katika umbo lake la asili. Hapa nyumbani silaha ya raia ina sheria yake, ile ya mwaka 2015, pamoja na taratibu zake za polisi, nami sijawahi kuomba kibali wala sikusudii kuomba. Kazi yangu ni daftari. Humo naandika kila namba, kila muhuri wa kiwanda, kila ufa wa mti, na juu ya yote hayo naandika sababu iliyotufanya tuichague bunduki hiyo na kuziacha nyingine.

Sababu hiyo lazima ianzie ziwani. Ndiyo kanuni yetu pekee: bunduki inayoingia kabatini iwe ya aina iliyobebwa na watu wa ufukwe huu wa Ziwa Viktoria, au iliyobebwa dhidi yao. Tuliiweka kanuni hiyo baada ya kununua bunduki mbili, moja kwa moyo na nyingine kwa tamaa ya bei, na tofauti baina yake ndiyo iliyotufundisha.

Ya kwanza ni Lee-Enfield No. 4, bunduki ya jeshi la Kiingereza, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku), na alikwenda Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, katika matope ambayo babu aliyasimulia kuliko alivyowahi kuisimulia vita yenyewe. Alikuwa akitueleza jinsi ya kulenga kwa kuukunja mkono wake na kutengeneza tundu kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kisha anachungulia. Tulipokuwa watoto tulidhani ni mchezo. Mdogo wangu alipoishika No. 4 kwa mara ya kwanza na kuliweka jicho lake nyuma ya kile kipande cha chuma chenye tundu, kilicho juu ya mtambo karibu na uso wa mlengaji, alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Kaka, ni mkono wa babu." Tangu siku hiyo sijapata haja ya kumweleza mtu yeyote kwa nini tunakusanya vitu hivi.

Ya pili ni Mosin-Nagant M44, karabini (bunduki fupi) ya Kirusi yenye singe inayokunjwa ubavuni mwa mtutu. Wakati mmoja bunduki za aina ya Mosin ziliuzwa Marekani kwa chini ya dola 100, zikiwa zimelowekwa katika grisi ya maghala ya Kisovieti, na tulipoona bei zinaanza kupanda tukaingiwa na haraka. Muuzaji alisema mtutu ni safi. Mdogo wangu alipoiondoa ile grisi yote kwa maji ya moto na matambara, mtutu ulionekana una vidonda vya kutu kuanzia katikati hadi mdomoni. Sababu yake inajulikana vizuri na kila mkusanyaji: fataki za risasi za kijeshi za zamani, yaani viwashio vilivyo kwenye kitako cha risasi, zilikuwa na klorati ya potasiamu, nayo inapoungua huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani mpaka chuma kinalika. Mafuta peke yake hayaiondoi. Inayoyeyusha chumvi ni maji. Mwanajeshi asiyeuosha mtutu wake kwa maji ya moto siku ileile aliyopiga risasi aliuharibu, hata kama aliupaka mafuta kila Jumapili. Lakini hata mtutu ungekuwa safi kama kioo, M44 ingebaki kuwa bunduki isiyo na habari yoyote na ziwa letu. Ukurasa wake katika daftari una mistari sita tu, na sita hiyo yote ni vipimo.

Mwaka huu tulianza na majina matano, na mawili niliyaondoa mapema. Karabini 98k, iliyoanza mwaka 1935 na kutengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya jeshi la Hitler, ni bunduki nzuri ambayo kila mtu anayo na ambayo haikutugusa. Mauser ya Wabelgiji ya 1889 ilinishika zaidi, kwa kuwa kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa mwaka huohuo wa 1889 kwa ajili ya kuitengeneza, na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalishuka kupitia Rwanda na pande za Biharamulo mwaka 1916 hadi yakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Hata hivyo walipita magharibi yetu, na hadithi yao nawaachia watu wa Kagera na wa Tabora wanaoijua kwa undani. Yakabaki majina matatu: SMLE (Short Magazine Lee-Enfield) ya Uingereza, Mauser 98 na Mauser ya 1871.

SMLE ndiyo iliyokuja Mwanza na Waingereza. Muundo wake wa Mk III ulipitishwa mwaka 1907, urefu wake ni milimita 1,132 na uzito wake karibu kilo nne, na magazini yake huchukua risasi 10, zinazoingizwa kwa klipu mbili za tano tano. Wapenzi wake husifu wepesi wa bolti, kile chuma cha kuvuta kwa mkono kinachofunga nyuma ya mtutu, ambayo husafiri mwendo mfupi na kugeuka kidogo tu, kiasi kwamba askari aliyezoea aliweza kupiga haraka kuliko mwenzake yeyote wa zama zile mwenye bunduki ya bolti. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaishambulia Bukoba kwa siku mbili na kuuangusha mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mwaka uliofuata wakaitwaa Ukerewe mwezi Juni, na tarehe 14 Julai 1916 wakaingia Mwanza. Mtu anayesimama leo kwenye kivuko cha Kamanga, akaangalia lile jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini kama lilivyosimama siku ile, anaweza kuyaona hayo yote bila msaada wa kitabu.

Kilichotuzuia ni aina ya SMLE tunayoitaka. Zinazopatikana kwa wingi ni zile za baadaye, za Lithgow, Australia, na za Ishapore, India, ambazo nyingine ni za miongo kadhaa baada ya vita ile ya kwanza. Sisi tunataka iliyotengenezwa kabla ya 1916, ikiwa bado na kile kibamba cha chuma cha ubavuni kilichozuia risasi za magazini ili askari apakie moja moja, na ikiwa na shabaha ya pembeni ya masafa marefu. Vitu hivyo viliondolewa wakati wa vita ili kurahisisha utengenezaji, na bunduki nyingi zilizokuwa navyo zilivuliwa zilipoingia karakana. Ambazo hazijaguswa zina bei ambayo mwaka huu hatuiwezi. Tumeiandika SMLE kuwa ya mwaka ujao, na hatukuona uchungu.

Mauser 98 ilitugombanisha kwa wiki tatu. Mdogo wangu ni fundi mitambo, na kwa fundi mitambo bunduki hii ni kama msikiti mkongwe kwa mwashi. Paul Mauser wa Oberndorf aliikamilisha mwaka 1898, na bunduki za kuwindia zinazotengenezwa mpaka leo bado zinafuata mtambo wake. Bolti yake ina vishikizo viwili vya mbele na cha tatu nyuma kwa usalama. Ina ukucha mrefu wa chuma unaolidaka ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini, ukalishikilia linapoingia na linapotoka, hata askari akiwa ameinamisha bunduki au ameigeuza juu chini. Ganda likipasuka, gesi ina matundu ya kutokea ili isimfikie mpigaji usoni. Risasi yake yenye ncha kali ina uzito wa gramu 10 hivi, na huruka kwa kasi inayokaribia mita 900 kwa sekunde. Yote hayo nayakubali. Nimeishika bolti ya 98 kwa mikono yangu miwili nilipomtembelea mdogo wangu, nikaifungua na kuifunga labda mara arobaini, na sijaona chuma kinachopita juu ya chuma kwa utulivu kama ule.

Lakini Mauser 98 za vita ya kwanza zilizobaki duniani zimepita mikono mingi. Wajerumani walikuwa wakigonga namba kwenye kila kipande, hata parafujo zikapewa tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki, kwa hiyo mkusanyaji huona mara moja kama vipande vilizaliwa pamoja au viliokotwa huku na huko. Baada ya vita nyingi zilibadilishwa mitutu, nyingine zikaenda Uturuki na kufumuliwa kabisa. Zile zilizotengenezwa maalumu kwa majeshi ya makoloni, zenye herufi K.S., ni adimu sana, na pale penye adimu hawakosekani wenye patasi na herufi za kugongea. Herufi mbili tu zikigongwa upya zinapandisha bei maradufu. Tungeweza kununua 98 ya kawaida na kufurahi. Ila nilimwambia mdogo wangu kwamba tungekuwa tumenunua ufundi wa Paul Mauser, wakati tulichokuwa tunakitafuta ni askari wa kombania ya Mwanza.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na kombania 14 za askari katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Ya 7 ilikuwa Bukoba, na ya 14 ilikuwa hapa hapa Mwanza. Vita ilipoanza, sehemu kubwa ya askari wa koloni hilo hawakuwa na 98; walikuwa na bunduki ya baba zao, ile ya mwaka 1871. Bunduki mpya zaidi walizipata kidogo kidogo: waliziteka bunduki za Waingereza kwa mamia baada ya mapigano ya Tanga Novemba 1914, na Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, iliyopenya katikati ya ulinzi wa majini, ikafika ghuba ya Mansa kaskazini ya Tanga ikiwa na shehena ya bunduki na risasi. Waingereza waliishambulia meli hiyo, risasi zikaingia maji ya chumvi, na ilibidi zifumuliwe kwa mkono, baruti ianikwe, kisha zifungwe tena. Nikiwaza habari hiyo huwa nawaona watu waliokaa chini ya mwembe wakifungua risasi moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa jina.

Mauser ya 1871 haina magazini. Ni risasi moja, unapiga, unafungua, unaweka nyingine. Risasi yake ni ya risasi halisi, yaani madini laini yasiyovikwa ganda la shaba, yenye kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 25, mara mbili na nusu ya ile ya 98, na inasukumwa na baruti nyeusi ya zamani. Baruti hiyo hutoa wingu zito la moshi mweupe. Askari aliyepiga kutoka kichakani alionekana na kila mtu aliye ng'ambo ya bonde, na kabla moshi haujatawanyika yeye mwenyewe hakuona alichokipiga. Kwa silaha hiyo walisimama mbele ya bombomu na bunduki za baruti isiyo na moshi. Wapo wanaoiita bunduki ya kizamani isiyostahili kuwekwa karibu na 98. Mimi naona kwamba kama tunataka kujua askari yule alikuwa nani na aliweza nini, hatuwezi kumjua kwa kumpa mkononi bunduki ambayo hakupewa.

Na kuna jambo jingine lililonifanya nisirudi nyuma. Shangazi yetu anaishi Nansio, Ukerewe. Katika vitu alivyorithi kwa mama yake kuna kiganda cha shaba, kilichopauka kidogo kwa uzee, ambacho bibi alikuwa akihifadhia ugoro, akikiziba kwa kipande cha gunzi. Sisi wote tulikiona tangu utoto. Miaka miwili iliyopita ndipo nilipokiangalia kwa macho ya daftari. Ni ganda la risasi, tupu, limekwishapigwa. Fataki yake ina kishimo cha pini katikati. Nilikwenda nalo kwa fundi wa vyuma pale Igogo akanipimia kwa kipimo chake cha chuma. Urefu ulikuwa karibu milimita 60, na mara moja nikadhani ni la Martini-Henry, kwa sababu ganda la Martini lina urefu uleule na bunduki za Martini zilizagaa Afrika nzima. Fundi akapima na upana wa chini. Ganda la Martini ni nene, kiunoni lina milimita 17 hivi, na mdomo wa kitako chake unakaribia 19. Hili la bibi lilikuwa na milimita 13 kiunoni na pungufu ya 15 kwenye kitako. Hivyo ndivyo vipimo vya Mauser ya 1871. (Nawasihi wasomaji wa visiwani na wa vijijini: ganda tupu ni kumbukumbu, lakini ukiokota risasi ambayo haijapigwa, hata iwe na kutu namna gani, usiipime wala usiipasue, iache ilipo, waite polisi.)

Bibi alilipata wapi, shangazi anasema liliokotwa shambani na baba yake bibi. Baba yake huyo, babu mkuu wetu, hakuwa askari. Alikuwa mpagazi. Wajerumani walimchukua kubeba makasha, na walipoondoka Mwanza Julai 1916 kuelekea Tabora alikwenda nao kwa sehemu ya njia. Aliporudi nyumbani, Waingereza nao walimkuta, wakamwandika kwenye kikosi chao cha wapagazi, kile kile ambacho jina lake la Kiingereza liligeuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hadi 30 kichwani, siku baada ya siku, na waliokufa kwa maradhi na njaa katika kazi hiyo katika Afrika Mashariki yote ni makumi ya maelfu. Risasi za milimita 11 ni nzito kuliko za 98, kwa hiyo kasha la uzito uleule lilikuwa na risasi chache zaidi, na kombania yenye bunduki za zamani ilihitaji vichwa vingi zaidi vya kubeba. Nilipoliona jambo hilo kwenye hesabu zangu niliweka kalamu chini. Katika mizigo ile aliyoibeba babu mkuu, uzito wa bunduki hii ulikuwa juu ya shingo yake yeye, ingawa hakuwahi kuifyatua.

Mama hakuafiki. Nilipomweleza, aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini watoto wake wanunue kwa jasho lao bunduki iliyotumika kuwatiisha watu wetu. Ni swali la haki, na nililichukua siku nyingi kulifikiria. Bunduki ya 1871 ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wa Mjerumani katika miaka ya kuitiisha nchi: ndiyo miaka ya Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walimuua kamanda Zelewski na kuchukua bunduki za askari wake, na ndiyo iliyoendelea mpaka Maji Maji ya 1905 na kodi iliyokusanywa kwa mtutu. Nilimjibu mama kwamba No. 4 ya babu nayo ni bunduki ya mtawala, na hakuna aliyeikataa, kwa kuwa tulimjua aliyeibeba. Hii hatumjui aliyeibeba, tunamjua aliyebebeshwa. Mama alikaa kimya, kisha akasema tukiinunua tuandike jina la babu mkuu kwenye ukurasa wake, siyo jina la Mjerumani. Nimekwisha kuliandika, juu kabisa, kwa wino.

Katika soko la Marekani bunduki hii ina nafuu yake. Sheria ya mwaka 1968 inahesabu silaha yoyote iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, kwa hiyo Mauser ya 1871 haihitaji hata ile leseni ya mkusanyaji kwa upande wa serikali kuu. Askari wa koloni walipewa zaidi ule muundo mfupi uitwao Jägerbüchse, ambao siku hizi ni nadra na bei yake iko mbali nasi. Tutaridhika na bunduki ya kawaida ya askari wa miguu, yenye urefu wa karibu mita moja na sentimita 35, kwa kuwa mtambo, risasi na moshi ni vilevile.

Moja imepatikana. Wiki iliyopita mdogo wangu alikwenda kwenye maonyesho ya wakusanyaji mjini kwao, akanipigia simu ya video akiwa amesimama mbele ya meza. Ubavuni kushoto mwa mtambo, kwa herufi za Kijerumani cha zamani, imeandikwa I.G. Mod. 71, yaani bunduki ya askari wa miguu, muundo wa 1871. Muhuri wa kiwanda ni Spandau na mwaka ni 1877. Mkono wa bolti umenyooka kama kigingi cha hema. Juu ya bolti kuna ubavu mrefu wa chuma, na juu ya ubavu huo kuna parafujo kubwa yenye kishikio cha mviringo; hiyo ndiyo inayoizuia bolti isichomoke, na ukitaka kuitoa lazima uilegeze kwanza. Nyuma kuna kile kibawa cha usalama ambacho Mauser alikianza hapa na kukibakiza hadi 98. Nilimwomba aifungue. Aliivuta taratibu, nikasikia kupitia simu mlio mkavu wa chuma kikubwa, na akanionyesha kwamba ndani hakuna kitu cha kulirusha ganda nje. Ukucha hulivuta tu ganda mpaka kwenye nafasi ya wazi, likalala pale. Askari ilimpasa aipindue bunduki ubavu ili ganda lidondoke, ndipo apakie jingine. Aliipindua mbele ya kamera, mara mbili, pole pole, nami nikaelewa jinsi ganda la shangazi lilivyofika shambani: lilidondoshwa kwa kugeuza kiwiko, na mtu aliyefanya hivyo alikuwa na haraka.

Yapo mambo matatu ya kuhakiki kabla fedha haijatoka. La kwanza ni mtutu. Bunduki ya baruti nyeusi isipooshwa huliwa kutu vilevile, na baada ya M44 hatununui tena kwa maneno ya muuzaji. Mdogo wangu atakwenda na taa ndogo ya kutumbukiza ndani, aihesabu mifereji yote minne iliyochongwa humo kutoka nyuma hadi mdomoni, na aangalie kama kingo zake bado ni kali. La pili ni ufa. Nimeuona kwenye picha, ni mwembamba kama uzi, umeanzia nyuma ya mtambo pale mti unapokuwa mwembamba, na umeelekea kwenye kitako. Mahali hapo ndipo mti hupokea pigo lote la risasi nzito kama ile. Ufa ukiwa wa juu tu, tutaununua pamoja na bunduki na hatutauziba. Ukiwa umepita upande wa pili, bei itashuka au tutaondoka. Mti usiwe umepigwa msasa, kwa sababu msasa unafuta mihuri ya wakaguzi, na mti unaong'aa bila muhuri hauwezi tena kutueleza ulikotoka. La tatu ni namba: ya bolti inalingana na ya mtambo, nimeisoma mwenyewe, lakini ile parafujo kubwa ina namba nyingine. Kwa bunduki ya umri wa karibu miaka 150 hilo nalivumilia. Parafujo ile ndiyo inayofunguliwa kila bunduki inaposafishwa, na si ajabu zikabadilishana mezani mwa karakana ya jeshi.

Hatuwezi kudai kwamba bunduki hii ilifika Afrika, na katika daftari sitaandika hivyo. Nitaandika aina yake, kiwanda, mwaka, na neno "ya namna ileile". Wapo wanaonunua hadithi ya muuzaji pamoja na bunduki, wakailipia hadithi zaidi ya chuma. Sisi hadithi tunayo tayari, imepimwa Igogo kwa milimita.

Muuzaji amekubali kuishikilia mpaka Jumamosi. Itakapofika saa sita mchana kwao, saa mbili usiku kwetu, mdogo wangu atakuwa amekaa mezani kwake na taa yake, nami nitakuwa nimevuka kwa kivuko cha asubuhi kwenda Nansio, nimekaa barazani kwa shangazi. Nimemwomba mdogo wangu atusomee alama za kikosi zilizogongwa kwenye bamba la chuma la kitako, ambazo picha hazikuzionyesha vizuri, herufi moja moja ili niziandike. Shangazi amesema ganda atalishika yeye mwenyewe, na kwamba kijana asisahau kuigeuza tena ile bunduki mbele ya simu, kwa kuwa anataka kuona lilivyodondoka.